Mke Mwenza wa Raufa

Nina bawabu asiyelala, hamjui mtu kwa sura ila kwa kundi lake, ni nani? Ni tovuti ya ukoo. Siku hizi hata kitukuu humpakati mpaka ikuruhusu.

Mimi ilinikatalia. Mjukuu wangu Mwinyikombo namwita "mume wangu", utani wetu tangu utoto wake, nayo tovuti iliposikia, ikanitia kundi la wake. Na kwa kanuni zake, mke mwenza hamgusi mtoto wa mwenzake.

"Karibu, mke mwenzangu!" akacheka mkewe, Raufa, kichanga mkononi.

"Huyu ni bibi yangu!" Mwinyikombo akaieleza tovuti. Ndiyo kwanza akaharibu, maana bibi ni mke pia.

Tovuti ikaniuliza, "Mmeachana?"

Mtoto akalia.

"Usiniache, Bibi," Mwinyikombo akatania.

"Tumeachana," nikajibu, mikono nimeshainyoosha kumpokea mtoto.