Usizime, Mfumo Unajengwa

Juu ya soketi ya sebuleni, nyumbani kwa Kamanzi huko Kagarama, palibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: USIZIME. MFUMO UNAJENGWA. Asubuhi ya Ijumaa, chini ya karatasi hiyo, mkewe Winifred alikuwa amepiga magoti, ameshika waya wa kompyuta, akimwomba Mungu msamaha kabla hajauchomoa.

Kwa miezi minane hakuna aliyeruhusiwa kuugusa waya huo isipokuwa mwenye nyumba. Kamanzi alikuwa amezikataa programu zote ambazo dunia nzima inaridhika nazo, akaamua kujijengea mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, wa Linux, kuanzia mstari wa kwanza. Watu wengine hupakua mfumo ulio tayari, wakaendelea na maisha yao. Kamanzi hakukaa bweni Tanzania miaka sita, akioga maji baridi saa kumi na moja alfajiri, ili aje kupakua.

Kazi ilikuwa na heshima yake. Kwanza ilibidi chombo cha kujengea mfumo chenyewe kijengwe; kisha kijengwe upya kwa kujitumia chenyewe, jambo ambalo Winifred alielezwa mara mbili, na mara zote mbili akaitikia kwa kichwa. Halafu kiini cha mfumo kikakataa kuitambua kibodi. Kilipoitambua kibodi, kikaisahau skrini. Januari kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga, ikapata moto wa kutosha kukausha soksi, na Kamanzi akaacha kula chakula cha jioni.

Tangu Februari mambo yalitulia. Kompyuta ilipoa ikawa kimya, na Kamanzi akauita utulivu huo ukomavu wa mfumo. Kila jioni mistari myeupe ilipanda juu ya skrini nyeusi, naye akaketi mbele yake amekunja mikono kama msimamizi wa mtihani. Mara ulipita mstari mmoja mwekundu. Hapo Kamanzi aliguna.

"Hapo ndipo penye kazi," alisema, na Winifred akapunguza sauti ya televisheni.

Mtu mwenye jukumu kama hilo hawezi, bila shaka, kwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo kumpokea mama mkwe. Hata hivyo alipata nafasi ya kumwadhibu binti yao, Ikirezi, aliyenakili ramani ya maziwa kutoka daftari la mwenzake.

"Lakini baba, ziwa ni lilelile," Ikirezi alijitetea. "Ningechora lingine?"

"Nisichokifanya kwa mkono wangu si changu. Andika hivyo mara mia."

Nyuma yake mistari iliendelea kupanda.

Sasa hukumu ilikuwa kesho. Jumamosi saa nne, katika hoteli moja ya Kiyovu, wanafunzi wa zamani wa shule ile ya bweni wangekutana kuutazama mfumo. Ukikubalika, ungewekwa kwenye kompyuta thelathini ambazo chama chao kiliiahidi shule, na watoto wangelisoma jina la Kamanzi kila asubuhi. Usipowaka, jina hilo lingetajwa na Munyakazi, mwenyekiti wa chama, katika kila harusi mpaka mmoja wao afe.

Alhamisi Munyakazi alikuwa amepiga simu, na Kamanzi kwa bahati mbaya akaiweka kwenye spika.

"Bwana mkubwa, Jumamosi itawaka, au tuje na tochi?"

"Imebaki asilimia nne," Kamanzi alijibu kwa ukali.

"Hata Pasaka ulisema nne."

"Za mwisho ndizo nzito!"

Baada ya hapo alikwenda kuipiga pasi tai yake ya shule, taratibu, pande zote mbili. Winifred alimtazama, moyo ukamuuma. Mwanamume huyu angeweza kuvumilia njaa, malaria na mama mkwe. Kicheko cha Munyakazi asingekivumilia. Hapo ndipo alipoamua kutenda dhambi.

Ndiyo maana Ijumaa, Kamanzi alipokwenda Kiyovu kukagua ukumbi, Winifred aliuchomoa waya. Betri ilikufa zamani. Skrini ikazimika papo hapo. Miezi minane! Aliifunga kompyuta kwa kitenge, akapanda pikipiki hadi Kimironko, kwenye kibanda cha Shakira, fundi wa kompyuta aliyebanwa katikati ya washonaji wawili. Kamanzi hakuwahi kupita hapo na mkewe bila kusonya. Mafundi wa namna ile aliwaita wachuuzi wa jasho la wengine.

"Dada, nisitiri," Winifred alisema. "Niwekee mfumo wowote ulio tayari, uandike juu yake jina la mume wangu na nembo ya shule yake. Akirudi ataukuta unawaka, adhani wake umekwisha. Na neno hili life hapahapa."

Shakira alikifungua kile kitenge, akaitazama kompyuta, kisha akamtazama Winifred. Hakuuliza nembo inafananaje.

"Kaa kwanza, mama," alisema, akachomeka waya.

Haikupita nusu dakika. Skrini ikajaa buluu safi, nembo ya shule ikachomoza, na chini yake, kwa herufi za dhahabu: MFUMO WA KAMANZI, TOLEO LA KWANZA.

Winifred alijiziba mdomo. Machozi yakamtoka.

"Amemaliza! Kwa mikono yake mwenyewe! Na mimi hapa nimekuja kumdharau!"

"Hapana, mama, usilie. Hii ni kazi yangu. Mumeo aliileta Februari, na jina aliniandikia kwenye karatasi."

Mashine za washonaji ziliendelea kunguruma pande zote mbili. Winifred alikaa.

"Na ile mistari anayoitazama kila jioni?"

"Ni video. Inakwenda saa moja, halafu inaanza upya," Shakira alisema. "Ule mwekundu ndio ulionisumbua. Alisema lazima apate mahali pa kuguna."