Nukta Tatu Nyekundu

Mkunga alikuwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, sare nyeupe ikifagia sakafu ya gereji, akitafuta nukta tatu nyekundu.

"Hazipo!" Alitoka huku oili ikimchuruzika shavuni. "Fundi, umenipiga changa la macho!"

Filta ile ya oili aliichagua mwenyewe. Alizunguka maduka manne ya spea akizipima mkononi moja moja. Alikataa zilizokuwa nyepesi kama kopo tupu, akakataa zenye mpira wa kuzibia mkavu, mpaka akaipata ile yenyewe, nzito, mpira wake laini. Kisha akaitia nukta tatu kitakoni kwa rangi ya kucha. Kucha zake hakuzipaka hata siku moja, kazi haimruhusu, lakini chupa ile haikutoka mkobani. Mifuniko ya sufuria, mwavuli, tairi la akiba, vyote vilikuwa na nukta. Mumewe alikuwa akimcheka: "Iko siku utanipaka na mimi."

"Jumamosi nilikukabidhi filta mpya mkononi," alimwambia fundi. "Leo alfajiri nimeitwa kwa mzazi, gari likaniwashia taa ya oili, likamwaga yote barabarani. Nimekimbia kwa miguu, fundi, kwa miguu! Mtoto kazaliwa mimi ndio kwanza nashika mlango. Na kama angetanguliza miguu?"

"Mama, filta yako niliifunga kwa mikono hii."

"Na hilo likuukuu lililoko huko chini limeota?"

Kwenye benchi la wateja, dada mmoja aliyevalia gauni la njano alijifanya anasoma simu. Gari lake nalo lilikuwa limevutwa kwa kamba asubuhi hiyo, na lilikuwa pacha wa gari la mkunga hadi rangi.

Fundi aliwaza jina lake mwenyewe litakavyochafuka. Mkunga huyu aliwapokea watoto wake wote watatu, na hakuna nyumba mjini asiyoijua. Akisema fundi ni mwizi, hadi jioni hakuna atakayemletea hata baiskeli. Hasira zikampanda na yeye. Alijitosa chini ya gari, akaifungua ile filta kuukuu, akatoka nayo.

"Tazama. Mpira huu hapa umekuja na filta. Sasa chungulia kwenye injini. Kuna mpira mwingine umeganda pale, laini, mpya. Huo ni wa filta yako! Niliifunga, mtu akaja kuifungua, mpira ukabaki, na yeye bila kuangalia akabandika hili likuukuu juu yake. Mipira miwili haishikani, lazima imwage. Mimi sifungi filta kabla sijauona mpira wa ile ya zamani, hilo kila mtu hapa analijua."

"Mtu gani? Gari lililala kwangu. Jana mume wangu kalipeleka kuoshwa kama kila Jumapili, likarudi linang'aa. Basi! Yeye mwenyewe nimempigia, kaniambia nisithubutu kuja hapa, nilivute nyumbani, wewe ni mwizi wa siku nyingi. Nikamwitikia tu kukwepa maneno. Nikasema fundi wangu hawezi kunifanyia hivyo. Mjinga mimi!"

Fundi alilitupa tambara chini. "Ngoja nimalize la huyu dada, yeye alitangulia. Baada ya hapo tutakwenda popote unapotaka, hata polisi."

Akaingia chini ya lile gari pacha. Mkunga alisimama mikono kiunoni, akihema, akiyapanga maneno atakayoyasema nyumba kwa nyumba.

"Haya tena makubwa!" sauti ilitoka chini. "Hii haina mpira kabisa! Itaachaje kumwaga?"

Alitoka na filta mpya, haina hata mkwaruzo. Akaigeuza ili kila mtu aone. Kitakoni palikuwa na nukta tatu nyekundu.

Mkunga hakumbuki alivyofika. Alijikuta amemshika fundi ukosi kwa mikono yote miwili.

"Mwizi! Mwizi mkubwa! Umeichukua filta yangu ukamuuzia huyu mtoto wa watu! Watoto wako nimewapokea mimi, mikono hii! Huna hata haya?"

Fundi aliitazama filta kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

Yule dada aliinuka benchini, akaja mbio.

"Dada yangu, mwachie, utamwonea. Mimi hapa ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Filta hiyo nimefungiwa na mume wangu, jana, mbele ya macho yangu. Anafanya kazi mbali, huja Jumapili tu, na gari lenyewe nilikuwa sijaliwasha mpaka leo."

"Mume wako kaipata wapi filta yangu?"

"Kwa kweli sijui. Ila wiki hii bahati nzuri hajasafiri bado, nimempigia, yuko njiani. Utamuuliza mwenyewe."

Mkunga alimwachia fundi. Sawa, atamngoja. Atamuuliza, na leo atamjibu.

"Huyo anaingia," dada alisema, akipunga mkono.

Getini alikuwa ametokea mwanamume mwenye shati la bluu, amekunja mikono, anatabasamu. Shati lile mkunga alilipiga pasi jana jioni.

Alifungua mkoba, akaitoa ile chupa ya rangi ya kucha, akaitikisa vizuri.