Fedha Chini ya Tanuri

Mnyapara alikuwa bado ameshika nyundo aliyomvunjia fundi vidole viwili, pale dada yake fundi alipofungua tena mlango wa tanuri.

"Unatafuta nini humo?" mnyapara alifoka. "Vigae vya juu vimetoka vitupu. Kaka yako kaiba fedha, basi!"

Vigae vyenyewe ni vyembamba kama ukucha, vya unga wa kioo na kauri, na ndani yake hupita mistari ya fedha ya kubeba umeme. Huchomwa kwa nyuzi joto mia nane na hamsini. Moto ukipanda mno, fedha inayeyuka.

Kaka mtu alikuwa sakafuni, mkono kaupakata kama mtoto mchanga, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni. "Sijagusa, dada. Haki ya Mungu."

Dada akaingiza koleo refu, akainua kigae cha chini kabisa. Fedha yote ilikuwa pale, imejikusanya tonetone, inameta kama jasho usoni.

Akageuka polepole, koleo limeiva kwa moto. Ufunguo wa kuongezea moto ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mnyapara, na nakala haikuwapo.

"Kumbe ulikuwa na haraka," dada alisema.

Nyundo ikamponyoka mnyapara. "Dada yangu, funga mlango, tuongee kiutu uzima."

"Tutaongea."

Kaka akajikokota, akaiokota nyundo kwa mkono uliobaki mzima. Dada akalisogeza koleo hadi ndevu za mnyapara zikaanza kunuka kuungua.

"Weka mkono mezani," dada alimwambia.