Ungo wa Mchele

Shomvi hakuwa na usingizi, hakuwa na hamu ya chakula, wala hakuwa na mkono uliotulia. Tangu jabali limuue mwenzake Mbaraka machimboni, kila baruti ya saa sita ilimrusha kitini. Barua ya kumweleza mama wa marehemu ukweli alikuwa ameichana mara nne.

"Kaka, hebu nichambulie mchele," alisema dada yake Tunu, akimpa ungo.

"Hiyo si kazi ya wanawake?"

"Basi leo utakula mawe."

Shomvi alicheka kidogo, akaketi. Jiwe alilitupa, chuya akaiweka kando. Punje kwa punje pumzi zikatulia, mabega yakashuka. Alipomaliza aliomba kalamu.

"Mama," aliandika, "utambi wa baruti niliuwasha mimi. Sikuhakikisha kama Mbaraka ametoka."

Akaifunga bahasha kwa donge la ugali wa jana. Papo hapo baruti ikalia. Mkono ulitetemeka, lakini uliendelea kuigandamiza bahasha mpaka ikashika.

Alipofika posta, aliitumbukiza barua sandukuni, akaisikia ikianguka. Vidole vyake vikabaki mdomoni mwa sanduku.