Ufunguo wa Salha

Katika kiwanda kile cha biskuti, anayeingia ndani ya mashine hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka atoke. Siku ile Salha, mwanagenzi wa ufundi, aliingia peke yake kwa mara ya kwanza ndani ya pipa kubwa la kukandia unga, kubadilisha beringi iliyokufa.

Alitoka akiwa na unga hadi kwenye nyusi, anatabasamu. Akatia mkono mfukoni. Hakuna kitu. Akajipapasa ovaroli nzima.

Fundi Mbaruku, aliyekuwa akimfundisha, alikuwa ameketi juu ya ndoo, mgongo ameuegemeza kwenye swichi.

"Uliuacha kwenye kufuli," alisema.

Salha akaligeukia kufuli. "Sasa mbona hukuniita, Fundi?"

"Ningekuita, mikono ingekutetemeka. Nilikusikia unafanya kazi vizuri, nikaona nikae tu hapa."

"Na msimamizi?"

"Alikuja, akapiga kelele anataka mashine iwashwe. Nikamwambia mwenye kufuli yumo ndani."

Salha akaanza kuomba radhi. Mbaruku akamnyooshea mkono wa kushoto, ule wenye vidole vitatu, ambao habari zake hakuwahi kumsimulia. Akaufumbua polepole, kama mtu aliyekufa ganzi. Ufunguo ulikuwa umelala kiganjani, na Salha alipouchukua, alama ya meno ya ufunguo ilibaki pale kwenye ngozi, nyekundu, imezama.