Mwambie Dereva

Kabla mwanamke yule hajapanda gari, Molu alinyoosha mkono akakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari.

Sharon aliliona hilo. Gari alilikodi yeye, alikuwa ametoka Nairobi kuja kupanda mlima, lakini safari haikuwa yake tena. Alfajiri, wakifunga mizigo, Molu, dereva wake, alikuwa amepokea simu akamgeukia.

"Madam, Hamdi anavuja damu. Yuko kwa nyanya yake, palepale njia ya mlima inapoanzia. Nikikufikisha, niruhusu nigeuze naye hospitali."

"Twende," Sharon alisema.

"Na kuna mtu tumpitie Kiwanjani. Umulkheir. Hawezi kubaki."

Umulkheir alionekana rika la Molu, arobaini na kidogo hivi. Sharon alisogea kumpa nafasi kwenye kiti cha mbele, katikati yake na dereva. Mwanamke alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Akazunguka, akapandia mlango wa nyuma, akaketi kwenye benchi la mwisho kabisa, ng'ambo ya hema na mitungi ya maji, akawapa mgongo. Leso aliivuta hadi kwenye nyusi.

Hawakusalimiana.

Baada ya Rapsu barabara iliacha kuwa barabara. Mawe yalikuwa yamelala njiani kama mbuzi, na Land Cruiser ile kuukuu ilinguruma kiasi kwamba Sharon alikuwa akipiga kelele ili asikike.

"Hamdi ni binti yenu?"

Molu alielekeza kidevu nyuma. "Ni wake."

Sharon aliyarudia maneno hayo kichwani. Ni wake. Hivyo tu.

"Dada," sauti nyembamba ilipenya kutoka nyuma, "mwambie dereva kuna korongo mbele, apite kando."

"Anasema kuna korongo."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

Ikawa hivyo mwendo wa saa nzima. Mwambie apunguze. Mwambie nimepunguza. Mwambie nyanya amepiga, damu haijakoma. Hilo la mwisho lilimfanya Molu akanyage mafuta zaidi.

Sharon aliujua mchezo huo. Alikuwa na miaka tisa wazazi wake walipoacha kusemezana. Mwambie baba yako chakula kiko tayari. Mwambie mama yako sina njaa. Miaka miwili aliyabeba maneno kati ya sebule na jikoni, mpaka siku mama alipobeba sanduku. Siku zote alijilaumu kwamba hakuwahi kukataa.

"Basi!" alisema ghafla, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mimi nimekuwa mnara wa simu? Mgonjwa anavuja damu na nyinyi mmenuniana! Semezaneni wenyewe."

Molu aliinamisha macho kama aliyevuliwa nguo hadharani. "Haiwezekani, madam."

"Inawezekana. Fungua mdomo."

Molu alibadilisha gia.

Walipofika kwenye laga, mto ule wa mchanga mtupu, mlima ulikuwa mbele yao umejifunika wingu jeusi. Njia iligawanyika mara mbili. Molu alifuata alama za magurudumu, akashuka upande wa chini.

"Dada! Mwambie si hapo!" Umulkheir alikuwa amegeuka, amepiga magoti juu ya benchi. "Mimi nimezaliwa hapa. Apite juu, penye mawe. Huko chini mchanga unameza!"

Sharon, aliyekuwa amegeukia nyuma, alisikia kila neno. Molu, masikio yake yakiwa yamejaa injini, hakusikia hata moja. Sharon alikunja mikono kifuani akangoja. Sasa watasemezana, aliwaza. Sasa hivi.

"Dada, wallahi, mwambie!"

Gurudumu la mbele lilizama, kisha la nyuma.

Walichimba kwa mikono na kwa sufuria ya kambi. Walikata matawi wakayasukuma chini ya magurudumu, gari likazidi kukaa. Molu akija nyuma, Umulkheir alihamia mbele. Molu akienda mbele, yeye alirudi nyuma. Hata sasa, Sharon aliwaza huku machozi yakimchoma, hata sasa! Simu haikuwa na mtandao. Alisema "nisamehe" mara tatu, na hakujua alikuwa anamwambia nani.

Kisha mlima ukanguruma.

Walikimbilia ukingo waliotokea. Maji ya matope yalikuja yamebeba miti mizima. Yaligusa magurudumu, yakagusa milango, gari likainama upande mmoja polepole kama ng'ombe anayelala.

Ng'ambo ya pili walitokea watu wanne wamebeba kitanda cha kamba mabegani. Walikuwa wamechoka kusubiri, wakaamua kulifuata gari. Sharon alitafuta mtoto kwa macho. Kitanda kilikuwa kirefu mno kwa mtoto. Shuka iliyomfunika mgonjwa ilikuwa imeinuka katikati kama kilima, na chini yake ulichomoka mkono wenye hina, ukapunga kidogo, ukaanguka.

Molu alivua viatu. Akavua shati.

Umulkheir alimkamata Sharon mkono kwa nguvu, kucha zikazama. Macho yake hakuyaelekeza kwa mwanamume yule, aliyatuliza juu ya maji.

"Mwambie!" alilia. "Mwambie mkwe wangu asiingie majini. Hamdi asije akazaa yatima."