Barafu Kwenye Chupa ya Chai

Kitwana aliingia maabara na chupa ya chai kwapani. Alikuwa ameijaza barafu.

"Shemeji, nimefuata ile dawa. Mwanaidi kasema inataka ubaridi."

Nuriati, mtafiti wa maabara hiyo, aliona haya. Juzi alikwenda kumjulia hali rafiki yake wa tangu utotoni, Mwanaidi, mke wa Kitwana, anayeugua saratani. Alikosa neno la kumfariji, akamwambia maabara yao imeletewa kitu cha saratani. Mgonjwa aliinuka kitandani, akaomba uji.

Sasa alifungua friza, akamwonyesha Kitwana kichupa chenye unga mweupe kiasi cha ukucha.

"Si dawa, shemeji. Ni protini ya utafiti tu. Hii ndiyo huwaambia askari wa mwili watulie, na saratani hujificha nyuma yake. Tunatafuta namna ya kuizuia. Nilikosea kumwambia vile."

Kitwana alikitazama kile kichupa, kisha akamtazama yeye.

"Tangu juzi uji anaumaliza," alisema. "Basi nipe kichupa kitupu."

Akafungua chupa ya chai, akaisogeza mbele ya Nuriati. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka.